Siku tano za kaiti Pemba: mabaharia hodari, mpango mbovu

Mwezi wa Agosti mwaka jana, watu wanne tunaocheza kaiti Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, tulilipa shilingi 1,150,000 kila mmoja kwa kampuni moja ndogo ya hapa Unguja, ambayo ilituahidi siku tano za kuteleza juu ya maji ya Pemba na visiwa vyake vidogo. Jina la kampuni sitalitaja, kwa sababu waliokuwa baharini pamoja nasi walifanya kazi nzuri kuliko waliokuwa ofisini, na lawama ikishabandikwa jina huwaangukia wote bila kuchagua. Nitakachofanya ni kueleza tulichouziwa, tulichopata, na mahali ambapo viwili hivyo viliachana.

Nasema kaiti kwa kuwa ndilo neno linalosikika ufukweni, ingawa kwa mtoto wa mtaa wa Ng'ambo, mjini Unguja, kitu hicho kitabaki kuwa tiara. Tofauti ni ukubwa na nguvu. Kaiti tulizobeba zilikuwa za mita za mraba kati ya 7 na 12, zina mirija inayojazwa upepo kwa pampu, na humvuta mtu aliyefungwa mkanda kiunoni na kusimama juu ya ubao, kwa kamba zinazozidi mita 20. Miongoni mwetu wawili ni walimu wa mchezo huu Paje, wa tatu ni binamu yangu ambaye hufanya kazi benki mjini na hushuka pwani mwisho wa wiki, na wa nne ni mimi, niliyepanda ubao kwa miaka sita na bado naanguka.

Kilichotupeleka Pemba ni kuchoka. Paje ina upepo mzuri na ufukwe mrefu wenye maji ya kina kifupi yaliyokingwa na mwamba, lakini katika miezi ya msimu anga lake hujaa kaiti hadi mtu akaogopa kamba za mwenziwe kuliko mawimbi, na chini ya maji kuna vigingi vya mashamba ya mwani ambavyo ni mali na riziki ya watu, si kitu cha kukatizwa na mbao zetu. Pemba haina msongamano huo. Kampuni ilitutumia mpango wa kurasa tatu wenye picha nzuri: siku ya kwanza safari, siku ya pili ufukwe wa Vumawimbi, siku ya tatu kisiwa cha Misali, siku ya nne Vumawimbi tena, siku ya tano kurudi. Kila siku ya mchezo iliandikwa hivyo hivyo, kwamba kaiti ni kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa sita mchana, na baada ya chakula ni mapumziko au matembezi ya Msitu wa Ngezi.

Safari yenyewe haikuwa na la kulalamikia. Tulipanda boti Malindi asubuhi, tukashuka Mkoani, gari likatusubiri bandarini kwa saa iliyosemwa, na mifuko yetu mirefu ya kaiti ikafungwa juu kwa kamba iliyokazwa sawasawa. Anayefikiria kwenda kwa ndege ajue kwamba ndege ndogo za Pemba kwa kawaida huruhusu mzigo wa kilo 15 tu, na mfuko wa kaiti mbili, ubao na pampu huvuka kiwango hicho kabla hujatia hata kanzu ya Ijumaa. Kwa mchezaji, boti ndiyo njia ya akili, ila wakati wa Kusi, upepo wa kusini mashariki, ajiandae kutapika akishaiacha ncha ya Nungwi.

Tatizo la kwanza lilianza tulipofungua vifaa vya kukodi. Binamu yangu hana kaiti yake, hivyo alilipia ya kampuni, na akaletewa ya mita 12 pekee. Kaiti ya ukubwa huo ni ya upepo wa wastani, noti 12 hadi 16 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa) kwa mtu wa uzito wake, na Agosti si mwezi wa upepo wa wastani. Nguvu ya upepo haipandi hatua kwa hatua pamoja na kasi yake: upepo ukitoka noti 15 ukafika noti 21, kasi imeongezeka kwa chini ya nusu, lakini mvuto kwenye kaiti unakaribia kuwa maradufu. Mwalimu mmoja alimwazima ya kwake ya mita 9 na yeye akabaki na ya 7. Kama tusingekuwa na ya ziada, binamu yangu angekuwa amelipia siku tano za kukaa mchangani.

Sasa niingie kwenye maji. Tulifika Kigomasha, rasi ya kaskazini mwa Pemba ulipo ufukwe wa Vumawimbi, siku moja kabla ya mwezi mpevu, maana yake ni bamvua, na mtu yeyote aliyekulia pwani yetu anajua bamvua maana yake nini: tofauti ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4, bahari hukauka sana karibu saa nne asubuhi, na hurudi kujaa karibu saa kumi alasiri. Siku zinavyosonga, saa hizo nazo husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50 kila siku. Wiki ya maji mafu mambo hugeuka, maji hujaa asubuhi na kupwa alasiri, na tofauti yenyewe huwa ndogo. Mpango wetu wa saa tatu mpaka saa sita ungekuwa sahihi kabisa katika wiki ya maji mafu. Ninavyoona mimi, uliandikwa kwa wiki kama hiyo, kisha ukabandikwa juu ya kila kundi lililofuata bila mtu kuitazama kalenda ya mwezi.

Basi siku ya pili saa tatu asubuhi tulisimama Vumawimbi tumevaa mikanda, bahari ikiwa imeondoka. Mbele yetu palikuwa na mchanga mtupu, madimbwi, na mawe yaliyotoa vichwa. Upepo nao ulikuwa haujaamka: asubuhi za Kusi mara nyingi huanza na pepo nyepesi zenye umande wa nchi kavu ndani yake, na Kusi lenyewe hukaza baada ya adhuhuri. Kijana wa kampuni aliyekuwa akituongoza alisoma mpango wake, akatazama bahari, akasoma tena mpango. Simlaumu sana, kwa kuwa alitumwa na karatasi. Wavuvi waliokuwa wamepiga dago, yaani kambi yao ya muda, upande wa pili wa ufukwe walituangalia kwa huruma ya kimya, na mmoja wao akamwambia binamu yangu, kwa adabu kabisa, kwamba bahari wataipata baada ya swala ya adhuhuri.

Tukaipata. Kuanzia saa nane maji yalianza kutufikia, saa tisa yakafika kifuani, na upepo ukaja kama uliotumwa. Vumawimbi iko upande wa mashariki wa rasi ya Kigomasha, hivyo Kusi hukupiga ubavuni kutoka kulia ukiwa umeelekea baharini, likiwa na mwelekeo kidogo wa kukurudisha ufukweni. Huo ndio upepo bora kuliko wote kwa mchezo huu, kwa sababu hukupeleka mbali na kukurudisha kwa nguvu ile ile, na kaiti ikikatika kamba au mtu akiishiwa nguvu, kinachomngoja ni mchanga. Upepo ulikuwa wa kunyooka, bila vishindo, kwani umevuka bahari tupu kabla ya kutufikia. Tulikuwa watu wanne katika ghuba nzima. Sijui niseme nini zaidi ya kwamba Paje sijawahi kupata alasiri kama ile, na kwamba jina la ufukwe ule halikutungwa ovyo: mawimbi yaliyokuwa yakivunjika juu ya mwamba wa nje yalisikika mpaka tulipolala.

Kampuni inastahili sifa kwa jambo moja la Vumawimbi, nalo ni kwamba walikuwa wamemwarifu sheha wa Makangale, kiongozi wa eneo lile, kabla hatujafika na wamezungumza na wavuvi wa dago kuhusu sehemu ya kurushia kaiti, mbali na vyombo na nyavu zao. Kamba ya kaiti iliyokazwa hukata kama kisu, na mtu anayeirusha juu ya nyavu za wenyewe bila kuomba amekosa adabu na akili kwa pamoja. Tuliambiwa pia mapema tuvae nguo za kufunika magoti tukitoka ufukweni, jambo ambalo kwetu sisi halikuhitaji kusemwa, lakini nilifurahi kuona limeandikwa kwa ajili ya wageni.

Siku ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike tathmini hii.

Misali ni kisiwa kidogo upande wa magharibi wa Pemba, ndani ya Eneo la Hifadhi ya Mkondo wa Pemba, na kwa uzuri sina mahali pa kukifananisha nako. Wazee husimulia kwamba Nabii Khidhri alipofika pale aliomba msala wa kuswalia, na ulipokosekana akasema kisiwa chenyewe, kwa jinsi kilivyoelekea kibla, kitakuwa msala wake. Kasa hupanda kutaga kwenye fukwe zake, na matumbawe yake huwaleta wazamiaji kutoka mbali. Mpango ulisema tungefika asubuhi, turushe kaiti ufukwe wa Mbuyuni mpaka saa sita, kisha tule samaki. Ili kufika tulilazimika kuondoka Kigomasha usiku bado mweusi, kuvuka msitu wa Ngezi, Konde na Chake Chake kwa gari, kisha kuchukua boti Wesha. Mtu aliyechora safari ile alitazama ramani kama anayetazama picha ya harusi, kila kitu kiko karibu na kila kitu.

Tulipotia nanga, nahodha, mzee wa Kipemba ambaye mpaka dakika ile alikuwa hajasema zaidi ya salamu na bismillahi, alituzuia tusishushe mifuko. Alisema, "Wanangu, hapa kaiti hairushwi leo. Upepo huu unatoka nchini unakwenda mkondoni. Mmoja wenu akichukuliwa nitamfuata. Wa pili atakwenda na Mungu wake." Mwalimu mmoja, kwa heshima, alimjibu kwamba upepo hauonekani kuwa mkubwa. Mzee hakubishana. Alinyoosha mkono tu: karibu na ufukwe maji yalikuwa laini kama mafuta, na hatua mia mbili mbele yake yalikuwa meusi, yenye mikwaruzo inayokimbia kuelekea magharibi. Ufukweni tulikuwa tumekingwa na miti. Kule mbele hapakuwa na kinga.

Nahodha alikuwa sahihi kwa sababu ambayo ofisi yoyote inayouza safari za kaiti ingepaswa kuijua kabla ya kuchapa karatasi. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki. Kaskazi, linaloanza karibu Disemba na kuisha Machi, huvuma kutoka kaskazini mashariki. Pepo zetu zote mbili kubwa zina mashariki ndani yake, na hivyo fukwe zinazotazama magharibi za Pemba na visiwa vyake ziko demani, yaani upande upepo unakoelekea, karibu mwaka mzima, nchi kavu ikiwa joshini, upande upepo unakotoka. Upepo ukishapita juu ya vilima, mikarafuu na minazi hufika ukiwa umevunjika vipande, mara umekufa, mara umeruka, na kaiti iliyotulia kwa dakika moja huanguka au humnyanyua mtu dakika inayofuata. Ubaya zaidi ni kwamba vipande hivyo vyote vinakusukuma nje. Na nje ya Misali ni Mkondo wa Pemba, ambao kina chake hupita mita 800, wenye maji yanayokimbia kwenda kaskazini, na wakati wa Kusi hukimbia kwa kasi zaidi. Mchezaji aliyepoteza kaiti pale hataelea mpaka kijiji cha jirani. Akikosa kuokotwa, ardhi inayomngoja ni ya upande wa Shimoni, Kenya, akiwa hai au vinginevyo.

Kwa nini basi safari hizi huuzwa na picha za magharibi? Kwa sababu utulivu unapendeza. Maji yasiyo na wimbi, boti iliyotia nanga juu ya kivuli chake, rangi zile: mzamiaji anapata anachokitafuta, na aliyeandaa mpango wetu alichukua safari ya wazamiaji akaitia neno kaiti. Nilimpigia simu kutoka pale pale ufukweni. Akasema wateja waliotangulia walicheza Misali bila tabu, na akanitumia picha kama ushahidi. Kwenye picha ile kaiti imelala mchangani, bahari ni kioo, na mtu aliyesimama pembeni yake ameshika dafu.

Tuliogelea, tulikula changu wa kuchoma, tulirudi. Siku ilikuwa nzuri kwa mtu ambaye hakuilipia kama siku ya kaiti.

Malazi nitayapitia haraka. Vyumba vilikuwa safi, vyandarua havikutoboka, umeme ulikatika mara moja, na mama aliyetupikia alitupa mkate wa kumimina asubuhi na pweza wa nazi jioni kwa wingi uliotufanya tuone aibu. Maji ya kuoshea vifaa yalikuwa ya kuchota, na ni vyema mtu akauliza mapema, kwa kuwa chumvi ikikaukia kwenye kifungulio cha dharura cha mkanda hukifanya kigumu siku unayokihitaji kuliko siku zote.

Kuhusu usalama nitakaa kidogo, kwani hapo fedha yetu ilionekana. Boti ya kutufuata ilikuwa ya faiba, yenye injini mbili, na ile ya akiba iliwashwa mbele yetu kila asubuhi, haikuwa pambo. Kulikuwa na majaketi ya kujiokolea kwa kila mtu, redio ya mawasiliano, maji ya kunywa na kisu cha kukatia kamba kilichofungwa mahali pa wazi. Nahodha alisikiliza utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, kisha akautazama upepo mwenyewe, na akatuambia mpaka wake: ukipita kilomita 40 kwa saa, yaani noti 21 na kitu, binamu yangu hatashuka majini, hata kama amelipa. Alikuwa amewauliza walimu kimya kimya nani kati yetu ni dhaifu. Aliijua pia njia ya hospitali ya Wete kutoka ufukweni na muda wake kwa gari, jambo ambalo halikuwamo popote katika kurasa tatu za mpango.

Siku ya nne kijana wa kampuni aliukunja mpango akautia mfukoni, na mambo yakaendeshwa na nahodha. Tulilala mpaka jua likapanda, tukaenda Ngezi asubuhi kuwatazama popo wa Pemba waliojining'iniza mitini, tukaswali, tukala, tukashuka Vumawimbi saa tisa unusu kwa kuwa maji yalikuwa yamesogea mbele na yangejaa karibu na magharibi. Tulicheza mpaka mwanga ukaanza kuisha. Binamu yangu, ambaye Paje hawezi kukata kwenda upande upepo unakotoka bila kuishia Jambiani, kijiji cha jirani, alikwenda na kurudi mahali alipoanzia mara saba kwa hesabu yake, na mara nne kwa hesabu yangu.

Kwa hiyo katika siku tano tulizolipia tulicheza alasiri mbili. Zilikuwa alasiri mbili bora, na sehemu kubwa ya ubora wake ilitoka kwa bahari na kwa mzee mmoja, wala haikutoka kwa aliyepokea fedha zetu. Tulirudi Unguja tukaandika malalamiko ya adabu yenye mambo matatu: saa zisizofuata maji, kaiti ya ukubwa mmoja kwa mwezi wa Kusi, na Misali. Baada ya wiki mbili walitujibu vizuri, wakakubali makosa mawili ya kwanza, wakaturejeshea shilingi 120,000 kila mmoja. Kuhusu la tatu walisema Misali ndiyo inayowavutia wateja.

Kwa msimu wa Kaskazi sijaagiza tena kwao. Nimezungumza moja kwa moja na nahodha, ambaye hakuniuliza kwanza tutakuwa watu wangapi wala tutalipa kiasi gani. Aliuliza mwezi wa angani utakuwa wa siku ngapi. Nilipomtajia tarehe nilizotaka, alinyamaza kidogo, akahesabu, akanirudisha siku sita nyuma, na akanionya kwamba Kaskazi huipiga Vumawimbi usoni, hivyo yeye ataitazama bahari kwanza, na walio dhaifu wajiandae kukaa kitako siku nyingine nzima. Bei yake kwa boti ni ndogo kuliko niliyotarajia, ingawa chakula, gari na malazi ni juu yetu.

Kampuni nayo imenitumia mpango wake mpya mwezi wa Oktoba, pengine kwa kuwa anwani yangu bado imo kwenye orodha yao. Saa zimebadilishwa, na sasa imeandikwa kwamba mchezo utategemea maji. Kaiti za kukodi ni za mita 7, 9 na 12. Misali bado imo siku ya tatu, na picha ni ile ile ya bwana mwenye dafu.